Mithai ya Mama Kanti Isiyofika Kibokoni

Kwanza, lawama zenu

Tangu nirudi hamjaniacha nikapumua. Nikipita barazani kwa Bi Zuhura, lazima atokee mtu aniulize, "Mwalimu, mithai iko wapi?" Mama Kanti aliwaandikia kwa mkono wa mwanawe kwamba atanituma na mithai ya lozi ya kutosha baraza zima, nami nikashuka steshini na sanduku, mwavuli na mafua. Nasikia wapo wanaosema niliila ndani ya ndege. Aliyeanzisha maneno hayo namjua, na ndiye yule yule aliyeimaliza halua ya harusi ya binamu yangu kabla bwana harusi hajafika. Basi nimeona niandike yote mara moja, msomeane wenyewe, mimi nipumzike.

Kwa waliohamia mtaani kwetu Kibokoni juzi, Mama Kanti ni yule bibi wa Kihindi aliyekuwa jirani yangu wa ukuta, mjane wa fundi saa. Kwa miaka kumi na tisa ukuta mmoja tu ulitutenga. Kila asubuhi alinipitishia lozi moja dirishani, iliyolowekwa na kumenywa, ati iniongezee akili ya kufundisha. Na nikikohoa upande wangu, hata iwe ni vumbi la chaki, yeye upande wake aligonga ukuta kwa mwiko na kuuliza, "Mwalimu, wewe nakula nini?"

Mwanawe wa pekee, Kanti, alitangulia London na mkewe na binti yao, miaka hii ambayo kila wiki Mhindi mmoja hufunga mizigo na mtu mwingine huja kuulizia bei ya kabati lake. Sasa akamwita mama yake. Mama Kanti hajui Kiingereza na alikuwa hajapanda ndege, na mimi nafundisha Kiingereza na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Kanti aliniomba nimsindikize na kukaa naye wiki tano hadi atulie. Habari za tiketi na makaratasi naziruka, hazina ladha. Mnakumbuka siku ya kuaga nilisimama hapo barazani nikajigamba kwamba nitamfikisha mzima na nitamwacha mzima. Maneno hayo yalinitokea puani.

Mombasa hadi Nairobi

Katika behewa letu alikuwamo mama mmoja wa Machakos anayekwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Mtu mwema, mwenye mkungu wa ndizi na habari za kila jirani yake. Mama Kanti hakuelewa nusu ya habari hizo lakini aliitikia zote.

Kabla ya kulala akafanya kama afanyavyo siku zote. Akatoa lozi saba katika kopo, akazihesabu mara mbili, akaziloweka ndani ya kikombe na kukiweka mezani kando ya dirisha. Asubuhi, yule mama wa Machakos aliamka wa kwanza. Akaona kikombe cha mzee kina maji ya jana na takataka chini, akaona haya kumwacha bibi wa watu anywe uchafu. Akamwaga vyote dirishani, akakisuuza kikombe vizuri, akakifuta kwa khanga na kukirudisha.

Mama Kanti alipoamka akatazama ndani ya kikombe, akatazama dirishani, kisha akanitazama mimi.

"Lozi nakwenda wapi?"

Nikamweleza. Yule mama aliomba radhi hadi akatoa machozi, akampa ndizi nane. Mama Kanti alizila, akamshika mkono, akamsamehe kabisa. Lakini tulipokuwa tunaingia Nairobi alikuwa bado anatazama mbuga nje akinong'ona, "Saba. Nakula twiga."

Nimelisimulia hili kwa sababu ndilo lililotuponza baadaye. Mwanamke huyu anaweza kusamehe kuibiwa, kutukanwa na hata kukanyagwa. Lozi kutupwa hawezi.

Roma, kisha Roma tena

Ndege yenyewe aliimudu kuliko mimi. Alifumba macho, akashika shanga zake za kusalia na kuamka tuliposhuka Roma, ambako tulitakiwa kungoja saa moja. Tukangoja siku nzima. London, walituambia, ilikuwa imefunikwa na ukungu. Mama Kanti akaniuliza kwa nini mji mkubwa hivyo haukutuma mtu aje atuongoze.

Walituletea makaroni yenye nyama juu. Nikamwendea mhudumu, nikamwambia bibi huyu hali nyama, dini yake haimruhusu. Akasikitika sana. Akachukua uma, akaziondoa nyama moja moja mbele ya macho yetu kwa uangalifu mkubwa, akairudisha sahani akitabasamu. Mama Kanti akamshukuru kwa mikono miwili na kunisogezea mimi. Yeye alikula chapati zake za uwatu, alizozipika Kibokoni na ambazo sasa ungeweza kuzipigia msumari.

Viti vilivyobaki vilikuwa karibu na mlango, na kila ulipofunguliwa baridi iliingia na kutukuta na viatu vya wazi. Mzee mmoja mfagiaji alituonea huruma akatuletea maji ya moto katika birika. Mama Kanti akatia tangawizi ya unga kutoka kwenye mkoba wake, kijiko kizima, na hakukubali kunywa mpaka mzee yule anywe kwanza. Mzee akanywa kwa heshima, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Mama Kanti akacheka, na katika kucheka kule akakohoa na yeye, mara mbili, kikavu. Nikacheka pia. Sikujua nimeanza kuishi na kikohozi hicho.

Kenton

Nyumba ya Kanti iko Kenton, pembeni mwa London, katika mtaa ambao nyumba zote zimefanana, hata siku ya tatu niliingia kwa jirani nikavua viatu kabla sijagundua mazulia si yetu. Wahindi wa kwetu wamejaa huko. Nilikutana na mwenye duka la vitambaa wa Kisumu na mwalimu wa Tanga anayekata tiketi za basi, na wote walitaka kujua kama maembe yameanza.

Nirmala, mkwe wa Mama Kanti, ni mpole na mpishi hodari. Binti yao, Bhavna, ana miaka mitano. Bibi yake akimsemesha Kiswahili anasikia kila neno na kujibu kwa Kiingereza, kisha wote wawili wananitazama mimi.

Kikohozi kilipanda ndege pamoja nasi na kuteremka pamoja nasi. Wiki ya kwanza tulikipuuza. Wiki ya pili kikahamia kifuani, akawa hawezi kumaliza sentensi. Kila mgeni aliyekuja kumwamkia alikuja na dawa yake: maziwa na manjano, asali na karafuu, ajwani ya kutafuna, mvuke chini ya taulo. Mama Kanti alizitumia zote kwa adabu na kukohoa baada ya kila moja. Daktari wa mtaa alimpima vizuri, akasema mapafu yako safi, ni baridi na uzee tu, akampa chupa ya sharubati ya kikohozi.

"Nasema nini?" akaniuliza.

"Anasema ni baridi na uzee."

"Uzee iko ugonjwa? Yeye mwenyewe iko na mvi." Akanywa kijiko kimoja na chupa ikaishia kabatini.

Jioni ile, mbele yetu sote, akatoa hukumu. "Hii baridi hapana taka mimi. Siku Mwalimu narudi, kama kikohozi iko, na mimi narudi Mombasa."

Nirmala akasitisha kuviringisha chapati. Baadaye nilimkuta Kanti jikoni peke yake, ameegemea beseni la vyombo. Mnamjua Kanti, Kiswahili chake ni cha Kibokoni hasa.

"Dada, atarudi wapi?" akasema. "Ile nyumba washaingia watu wengine. Akitoka hapa sijui kama Waingereza watamruhusu kuingia tena, na kule nako sijui kama Kenya watampokea. Atakuwa mtu wa kukaa airport na kopo lake la lozi. Wazee wa wenzangu yamewakuta."

"Basi mwambie."

"Nimemwambia. Anasema Mwalimu atamtafutia chumba." Akajifuta uso. "Mimi sitaki mambo makubwa, Dada. Nataka mamangu aache kukohoa tu."

Sasa mmeelewa nilikuwa na kazi gani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Na nitasema kweli, kwa kuwa ninyi ni wenzangu: sehemu moja ya moyo wangu iliposikia "na mimi narudi" ilifurahi. Niliikemea.

Kenton hadi Soho

Kanti anafanya kazi kiwandani, na huko yuko Mchina wa Hong Kong aliyemwambia iko duka la dawa za kwao Soho, katikati ya mji, lenye mganga mzee mjuzi wa vifua. Tukaenda Mama Kanti na mimi kwa treni ya chini ya ardhi. Ngazi zinazotembea zenyewe alizikataa. Alisema kitu kisichotulia hakikanyagwi, tukazungushwa na askari wa steshini hadi tukapata ngazi za kawaida, nikazihesabu hadi mia na nikaacha.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, ukuta mzima droo ndogo ndogo, na harufu ya mizizi, maganda na udongo wa mvua. Mama Kanti alivuta pumzi akasema, "Hii duka iko sawa." Nadhani lilimkumbusha maduka ya Biashara Street hapa Mombasa.

Mganga alikuwa mzee mwembamba asiyejua Kiingereza. Mkewe alikijua kiasi. Kwa hiyo swali lilitoka kwa mganga kwa Kichina, likaja kwa mkewe kwa Kiingereza, likafika kwangu, nikalitia katika Kiswahili, na jibu likarudi njia hiyo hiyo likiwa limechoka. Mganga akataka kutazama ulimi. Mama Kanti akakataa kabisa. Kwao mtu mzima hamtolei ulimi mwanamume, tena mwenye mvi. Mwishowe mkewe alisimama katikati, Mama Kanti akamtolea ulimi yeye, na mganga akachungulia kando ya bega la mkewe kama mtu anayetazama harusi isiyomhusu.

Mkewe akapima dawa kwa mizani ya mkono na kuzigawa katika karatasi kumi, moja kwa kila siku. Kulikuwa na maganda makavu ya chenza, vipande vya mzizi mtamu, majani nisiyoyajua, na katika kila karatasi kiasi kidogo cha mbegu nyeupe bapa, zenye ncha upande mmoja. Akanionyesha hizo akasema ndizo zenye kazi ya kutuliza kikohozi. Ni kokwa za aprikoti, lile tunda ambalo wazee wetu wa Kiarabu huliita mishmishi. Wachina wamezitumia tangu zamani, mganga huzipima kidogo na mgonjwa huzichemsha pamoja na dawa nyingine. Akaendelea: hii ni ile aina chungu, ni ya kuchemsha tu, isiliwe hivi hivi kamwe, watoto wasiifikie, na asipopata nafuu turudi na makapi ya dawa aliyochemsha.

Nikamgeukia Mama Kanti nimtafsirie. Naye wakati huo alikuwa amekwisha kuinuka, anafunga mkoba, anakohoa. Nikasema, "Chemsha, chuja, kunywa. Makapi yawekwe, yakihitajika watayatazama."

"Ndiyo, ndiyo," akasema.

Mimi huwapiga watoto rula kwa kuruka mistari katika imla. Hapo niliruka mistari miwili, na sikuona haya wakati ule kwa kuwa sikujua yatakayofuata.

Siku kumi

Alichemsha kila asubuhi na hakukosa siku. Nyumba ilinuka dawa hadi koti la Kanti likasemwa kiwandani. Alikunywa kikombe kizima bila kukunja uso. Na kikohozi kikabaki pale pale, kimenenepa.

Siku ya kumi nikatia makapi ya siku ile katika chupa ya jamu, tukarudi Soho. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya safari yangu. Mama Kanti alikuwa mchangamfu ajabu, na mlangoni alimwachia Nirmala maagizo marefu ya Kigujarati huku akinikonyeza mimi.

Soho mara ya pili

Mganga akamimina makapi kwenye sahani na kuyapekua kwa vijiti viwili. Akapekua tena. Akamwita mkewe, naye akavaa miwani.

"Kokwa hazimo," mkewe akaniambia. "Ni mtu gani amezitoa?"

Nikamtazama Mama Kanti. Yeye akatazama droo.

"Mama Kanti, zile mbegu nyeupe za ndani ya dawa?"

"Mwambie yeye hapana ogopa," akasema kwa upole. "Lozi yake iko salama."

"Salama wapi?"

Basi akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Hawa watu ni wazuri, ila hawajui thamani ya kitu. Wanachemsha lozi, wanachuja, wanatupa. "Nani nachemsha lozi, halafu natupa? Tajiri gani hiyo?" Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kutia dawa sufuriani, alizichambua akaziweka koponi. Siku kumi, konzi mbili. Na leo Nirmala anazisaga pamoja na korosho tulizotoka nazo Mombasa, maziwa na sukari, atengeneze mithai.

"Mithai ya nani?"

"Ya baraza. Wewe narudi mikono tupu, Bi Zuhura nasema nini?"

Nikamweleza mke wa mganga. Akaweka miwani mezani. Akasema polepole, ili nisikosee tena, kwamba kokwa hizo chungu zikiliwa mbichi kwa wingi ni sumu, hukata pumzi, na kwa mtoto hata chache. Akauliza kama nyumbani kuna mtoto.

Safari hii sikuruka hata neno moja. Mama Kanti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jina moja tu, "Bhavna," akawa ametangulia mlangoni.

Soho hadi Kenton

Kwa Kanti hakuna simu. Kanti mwenyewe alikuwa kazini. Tukakimbia, yeye na miaka yake sitini na minane na mimi na kiuno changu mnachokijua. Tulipofika steshini alizipanda zile ngazi zinazotembea bila hata kuzitazama.

Treni ikasimama katikati ya shimo. Hakuna aliyesema kwa nini, na Waingereza wakaendelea kusoma magazeti. Mama Kanti alishika shanga zake lakini midomo haikutembea. Nilikuwa na hasira naye nikamwambia, "Umekohoa siku kumi ili sisi tule mithai?"

"Mimi najua dawa iko kwa majani," akasema. "Lozi iko lozi."

Hasira ikaniishia hapo. Nikamwambia kosa si lake peke yake, yule mama alisema maneno mengi kuliko niliyomtafsiria. Akanipapasa goti. Kwa muda tuliokaa mle shimoni hakukohoa hata mara moja, nami nilitamani akohoe, nisikie kitu.

Kutoka steshini ya Kenton hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Sikumbuki tulivyoupita. Nakumbuka mlango kufunguka na Bhavna ameketi kwenye ngazi, kidole kinywani.

"Umekula mithai?" nikamuuliza.

Akajibu kwa Kiingereza, kwa uchungu mkubwa, kwamba hajapewa. Anamngoja Ba, ndivyo wanavyomwita bibi yake.

Nirmala akatoka jikoni. Mithai ilikuwa kwenye rafu ya miungu, imekatwa vizuri kwa pembe nne, na taa ndogo mbele yake haijawashwa. Nikamshika mabega nikamuuliza kama ameonja, hata kidole.

"Kuonja kabla Ba hajaitoa kwa Mungu?" akasema. Alikuwa ameumia kweli. "Mwalimu, unanionaje mimi?"

Ndivyo desturi yao ilivyo: mpishi haonji, mtoto hagusi, hadi mzee wa nyumba atoe sehemu ya kwanza kwa Mungu. Mara ngapi nimewacheka kwa hilo, chakula kinapoa nao wanangoja. Mama Kanti akaketi sakafuni palepale mlangoni na koti lake, akamvuta Bhavna mapajani, na hapo ndipo kikohozi kilipomrudia, kirefu, kilichochanganyika na kilio.

Mithai hatukuthubutu kuitia kwenye pipa, kuna paka na kuna watoto. Tukaizika bustanini. Ardhi ilikuwa imeganda, nikachimba kwa koleo ya makaa. Mama Kanti alisimama juu ya shimo akilia, na sijui alilia kwa ajili ya mtoto, au aibu, au korosho. Yule jirani niliyemvulia viatu, mzee wa Kiingereza, akachungulia juu ya ua. Akatuona wanawake watatu tumezunguka kaburi dogo. Akavua kofia, akainamisha kichwa na kusimama hivyo hadi nilipomaliza kufukia. Kesho yake alileta kadi ya pole yenye picha ya paka.

Siku zilizobaki

Kanti aliposikia alicheka hadi akalazimika kukaa, kisha akatoka nje peke yake kwa muda. Alikwenda Soho mwenyewe kuleta dawa mpya. Sasa Mama Kanti alichemsha kila kitu, nami nilisimama kando yake kama msimamizi wa mtihani, nikihesabu kokwa zinavyoingia sufuriani na zinavyotoka. Alizitupa kwa mkono wake. Kila mara aligeuza uso.

Siku ya nne alilala usiku kucha bila kikohozi kumwamsha. Siku ya saba alimaliza kusimulia kisa kizima cha posa yake bila kukohoa, na ni kisa kirefu. Sitaki kuwadanganya kwamba najua kilichomponya. Huenda ni kokwa za Mchina, huenda baridi ilipungua, huenda ni soksi za sufu alizokubali hatimaye kuvaa. Yeye anasema ni dawa. Siku ya tisa kikohozi hakikuwepo.

Kanti alizunguka humo nyumbani akipiga mluzi. Mimi nilifunga sanduku langu polepole kuliko ilivyohitajika.

Kurudi

Waliniaga wote uwanja wa ndege. Nirmala alinipa chapati za uwatu, Bhavna akanipa picha ya twiga anayekula lozi. Mama Kanti alisimama kando na shali lake. Walipoita jina la ndege yangu, nikainama nimkumbatie, naye akaanza kukohoa.

Alikohoa mara tatu, kwa mkono kifuani. Kanti akageuka mweupe. Nirmala akamshika mgongo.

Lakini mimi nilikuwa nimelala chumba kimoja na kikohozi kile wiki tano. Nilikijua kinapoanzia na kinapokwama. Nikamshika kidevu, kama nimshikavyo mwanafunzi anayesema tumbo linamuuma siku ya hesabu.

"Mama Kanti," nikasema, "hicho si chenyewe."

Akaacha. Akanitazama, mwanawe akamtazama. Akatabasamu kidogo, kisha uso ukamwanguka.

"Mimi najaribu tu," akasema.

Nikamfunga shali vizuri shingoni. Nikapanda ndege.

Ndani ya mkoba wangu alikuwa ametia kitambaa chenye lozi saba, za kweli, za duka la Kenton. Nimezionja ncha moja moja kuhakikisha si chungu, kwa hiyo msishangae mkiona alama za meno. Nimeziloweka. Njooni mchukue kila mtu yake, na mambo ya mithai yaishe.

Dirisha la upande wa pili sasa lina pazia jipya. Ni watu wazuri, wananiamkia. Jana asubuhi nilikuwa jikoni, hapakuwa na vumbi wala chaki, nikasimama karibu na ukuta nikakohoa. Nikangoja. Kisha nikakohoa tena, kwa nguvu kidogo.

Hakuna aliyegonga. Na mimi nilikuwa najaribu tu.